Viatu Juu ya Tenga la Plamu

Mzigo ni mzigo! Ndivyo karani wa mabasi pale Lushoto mjini alivyomjibu Saumu bila hata kuinua macho. Jozi ya viatu vya kitoto vya kufuma kwa kroshia, vyote viwili vinaenea kiganjani, eti vilipe nauli sawa na kiroba cha viazi. Na boksi anunue mwenyewe.

Saumu alirudi kijijini Mlola amenuna. Dada Esta, mwenye duka la nguo za watoto Dar es Salaam, aliviona viatu hivyo kwenye simu akasema, "Nitumie jozi moja. Ikifika haijabonyea, nakupa kazi." Kazi hiyo Saumu aliitaka mno, maana amechoka kulima kibarua kwenye kabichi za watu. Lakini nauli ikizidi kiatu, nani atanunua kiatu?

Nyumbani alimkuta mdogo wake, Yusufu, akipanga plamu kwenye matenga ya kwenda Dar. Saumu ameyaona matenga hayo tangu utoto. Siku hiyo ndiyo kwanza akajiuliza: plamu iliyoiva, ambayo ukiigusa vibaya inapasuka, inafikaje mjini nzima? Akazamisha mkono tengani mpaka kiwiko.

"Dada, unatafuta nini humo?"

"Hebu nyamaza, nachungulia."

"Kwa mkono?"

Alipapasa majani makavu ya migomba chini na pembeni, plamu ngumu zikiwa chini, laini juu. Kumbe! Basi akajaza viatu pamba ili visilegee, akatia kikaratasi chenye namba ya Esta ndani ya kila kimoja, akavifunga kila kimoja na jani lake, kama tunda. Akaviweka juu kabisa visikandamizwe. Yusufu akampigia Omari, mchuuzi wao kule sokoni Dar: "Kuna kimzigo cha dada tengani, atakifuata Esta."

Kimzigo, alisema. Kimoja! Na wewe unajua, kinachokaa juu ya tenga la watu wa milimani ni nyongeza ya bure, haki ya mnunuzi.

Kesho yake Saumu alishinda na simu mkononi. Uzi ulimkatikia mara kadhaa, na alitamani aingie tengani mwenyewe akaone. Jioni Esta akapiga.

"Saumu, nimepata kiatu kimoja."

"Kimoja? Kwani mtoto ana mguu mmoja?"

"Muulize Omari! Kimoja amenitunzia. Cha pili amempa mama mjamzito aliyenunua plamu. Amedhani ni nyongeza."

Saumu akaketi kizingitini. Aliona kabichi za watu zikimngoja, mistari kwa mistari, na machozi yakamlenga. Yusufu, mgoshi mzima, mwanamume kamili wa Kisambaa, akajificha nyuma ya matenga yake.

"Dada Esta, nisamehe. Kazi basi tena, najua."

"Ngoja, mbona una haraka? Yule mama amenipigia. Alikuta namba yangu ndani ya kiatu."

"Anakirudisha?"

"Akirudishe wapi! Anasema anakitazama tangu asubuhi, na cha pili anakitaka leo leo. Nimempelekea hiki changu, amenilipa vyote mlangoni. Dukani kwangu sina tena hata cha kuonyesha."

Saumu akaibana simu sikioni. Kisha lile swali lililomsumbua siku nzima likamtoka: "Kilikuwa kimebonyea?"

Esta akacheka. "Hata kidogo. Kinanukia plamu tu. Nifumie jozi nyingine, nyingi, na uzilete hivyo hivyo kwenye tenga. Ila zifunge pamoja, jamani!"

Saumu akainuka, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"We Yusufu! Toka huko nyuma. Tenga jingine linaondoka lini?"

"Keshokutwa, dada."

"Usilifunge mpaka nije," akasema, akachukua sindano yake na uzi wa manjano.