Tairi la Mbele Kushoto

Mimi sala yangu inasikika. Kabla sijaondoka na wageni nawaambia wafunge mikanda, nafumba macho, namwomba Mungu kwa sauti, Kiswahili kidogo, Kiingereza kidogo, mpaka Amina. Wageni wanapenda, wengine wananipiga picha. Jumatano jioni niko kanisani kwenye maombi, Jumapili niko kwaya. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa sijui sala ni nini. Nilijiona najua kuliko wote pale yadi.

Naitwa Ndeshi. Huu ni mwaka wa kumi na mbili naendesha watalii katika kampuni ya Bhavin, yadi yetu iko Sokon One. Madereva ni tisa, mwanamke ni mimi peke yangu. Gari langu ni namba saba, na nilikuwa naliosha kwa mikono yangu mwenyewe kwa sababu vijana wa kuosha wanapitisha kitambaa juu juu tu.

Sasa mwaka huu, mwezi wa sita, msimu umechanganya, namba saba likaanza vituko. Kwanza mpira wa rejeta ulipasuka Makuyuni, wageni wakakaa juani saa mbili nzima. Wiki haijaisha, betri ikafa mbele ya uwanja wa ndege wa Kisongo, tukasukumwa na wapagazi. Bhavin akaniita ofisini, akasema kwa upole, na Bhavin akisema kwa upole ujue ameshaamua. Likitokea la tatu, namba saba linakwenda kwa Solomoni, na mimi nitakaa yadi mpaka msimu uishe. Dereva akikaa yadi msimu mzima, mwakani nani atamkumbuka?

Solomoni huyo ni dereva mwenzetu, kijana anayevaa miwani ya jua mpaka ndani ya choo. Tangu aajiriwe amelitolea macho namba saba. Mimi si mtoto. Gari la miaka yote halijawahi kunisumbua, leo linakufa mara mbili ndani ya wiki moja, na kuna mtu analitaka? Dalili ya mvua ni mawingu. Na wingu langu lilikuwa Mzee Philemoni.

Philemoni ndiye fundi wetu, Mmeru wa Nkoaranga, ana miaka sitini na kitu, mpole, haongei. Kila gari likirudi safari yeye hulitoa matairi yote manne, akague breki, ayarudishe, kisha hulipiga bonneti makofi mawili kwa kiganja. Hiyo ndiyo sheria ya yadi. Bonneti halijapigwa, gari haliondoki, hata kama mgeni ni rais wa nchi gani.

Lakini midomo yake ilikuwa haitulii. Akimimina oili, midomo inacheza. Akinywa chai, inacheza. Akishika spana ndiyo kabisa, na kila akibana nati ya tairi anaikaribia kama anainong'oneza. Macho ameyafumbua, na mimi najua mtu anayesali hufumba macho. Siku moja nikapita nyuma yake nikamsikia anataja majina, la Bhavin, la Solomoni, la mama anayetupikia chai. Sikupenda. Kwetu mtu akitaja jina lako chini chini mahali asipotaka usikie, hakutakii mema. Nikamuuliza Solomoni, akacheka, akasema mzee ana mambo yake. Na huyo Solomoni ndiye aliyekuwa kila asubuhi anampelekea mzee vitumbua. Nikaunganisha mwenyewe.

Kumuuliza Philemoni? Aka. Nimuulize mchawi kama anaroga?

Ikafika Jumamosi. Nilikuwa na familia ya watu wanne, baba, mama, na watoto wawili, wanatua Kisongo saa mbili asubuhi, nawapeleka ziwa Momela wakaone ndege heroe. Saa moja na nusu namba saba bado liko juu ya jeki. Mzee ameona kitu kwenye breki, amekibadilisha, matairi matatu ameshamaliza, limebaki la mbele kushoto. Nikazunguka, nikatazama saa, nikakohoa. Mzee hana haraka. Nikainama kuchukua mkoba wangu uliokuwa pale chini, na hapo, mdomo wake karibu na nati, nikamsikia wazi kabisa: “Ndeshi.”

Damu ilinichemka, sitaki kusema uongo. Niliona mpira wa rejeta, nikaona betri, nikaona na hili la tatu linavyotengenezwa mbele ya macho yangu. Nikamtolea uvivu. Nikamwambia nimemsikia, na kama kuna mtu amemtuma amwambie Ndeshi si wa kuchezewa, Ndeshi ana Mungu wake. Mzee akasimama, uso umemshuka kama mtu aliyefumaniwa anaoga.

“Subiri, mwanangu,” akasema. “Sijamaliza.”

Nilishusha jeki mwenyewe. Nikaivuta pembeni, nikapanda, nikawasha, nikatoka getini vumbi linaruka. Kwenye kioo nikamwona anakimbia nyuma yangu, spana ameiinua juu. Nikasema moyoni, leo umeumbuka.

Kabla sijafika Kisongo alinipigia simu mara sita. Nikaizima sauti. Wageni walikuwa watu wazuri, binti yao mdogo wa miaka kama sita alikuwa na daftari la kuchorea na akachagua kukaa kushoto ili achore. Nikafumba macho nikaomba. Siku ile niliomba hasa. Nilivunja hila zote za maadui, walio karibu na walio mbali, na mzee Philemoni nikamtia humo kimoyomoyo. Tukasema Amina, tukaondoka.

Tukapita mjini, tukashika barabara ya Moshi. Baada ya Usa River usukani ukaanza kutetema. Nikajiambia ni lami. Tukakunja kwenda Ngongongare, tukaingia ile barabara ya Ngarenanyuki ambayo kila mtu anapita, tukawaona twiga, watoto wakafurahi, na usukani unatetema zaidi. Nikajiambia ni mashimo. Ukweli ni kwamba nilishaanza kuogopa, ila sikutaka kusimama, kwa sababu kusimama ndiyo la tatu. Tukiwa tunateremka, hatujafika geti la Momela, nikasikia kok, kok, kok, na pua ya gari ikavuta kushoto. Nikakanyaga breki pole pole, tukasimama ukingoni, chini yetu bonde.

Nilishuka, nikazunguka. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limelala upande. Nati moja haipo. Nne zilizobaki nilizizungusha kwa vidole kama kifuniko cha chupa ya maji. Juu ya tairi lile, dirishani, yule binti alikuwa bado anachora twiga wake, ulimi nje. Nikashika bonneti.

Mkitaka kunijua mimi ni mtu wa namna gani, sikilizeni jambo la kwanza nililowaza. Niliwaza, nimempata. Nikatoa simu nikapiga picha nati zile, moja moja, ushahidi. Baba wa watoto naye alikuwa ameshatoa yake, anaongea na ofisi kwa ukali.

Bado napiga picha, bodaboda ikatokea kutoka upande wa Ngongongare, na nyuma yake amekaa Mzee Philemoni, mweupe kwa vumbi mpaka kope, spana ameikumbatia kifuani. Aliteremka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Hakunisalimia, nami shikamoo sikumpa. Aliwatazama wageni, akawahesabu kwa kidole, wanne, akashusha pumzi. Kisha akapiga magoti akaanza kuweka jeki.

Nikamuuliza kama amekuja kuangalia kazi yake ilivyofanikiwa. Alipandisha jeki mpaka tairi likanyooka. Alitoa mfukoni nati mpya na kikaratasi kilichochafuka kwa grisi, akakiweka pajani.

“Nikibana nati namtaja mtu kwa Mungu,” akasema. “Ndivyo nilivyojizoeza tangu ujana, nisipofanya hivyo kichwa changu kinazurura, naruka. Matairi matatu ni ya watu wa yadi na wa nyumbani. La mwisho ni la wanaosafiri. Wewe ulikuwa wa kwanza, mwanangu. Nilikuwa nimezirudishia zote kwa mkono tu, ndiyo naanza kukaza. Hawa wanne nilikuwa sijawafikia.”

Nikatazama kikaratasi. Yalikuwa majina ya wageni wangu, ameyanakili kutoka ofisini kwa mwandiko wake wa darasa la nne, jina la yule binti amelikosea, amelifuta, amelikosea tena. Akasema alimpigia bosi pia, hakupokea, Jumamosi asubuhi huwa hekaluni. Ndiyo akachukua bodaboda.

Nikasema, sasa kwa nini hakuniambia kwamba ni sala? Sauti yangu ilikuwa imeshuka. Philemoni alinitazama kwa mshangao wa kweli, hakuna kejeli ndani yake, afadhali ingekuwepo.

“Nilidhani unajua,” akasema. “Si wewe ndiye mtu wa maombi?”

Simu yangu ikaita. Bhavin. Nilipokea, na kwa kuwa sauti yake siku ile ilikuwa kubwa, mzee aliyasikia yote. Aliniuliza ni kweli tairi lilitaka kuchomoka. Nikasema ni kweli. Halafu akauliza polepole, kama anayenifungulia mlango: “Philemoni aliacha nati?”

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Ningesema ndiyo, ningetuma na picha, na rejeta na betri navyo vingemwangukia yeye, na namba saba lingebaki langu. Mzee angeambiwa apumzike, kwani umri wake si umeshafika? Na haingekuwa hata uongo mzima, nati alikuwa ameziacha. Nilimtazama. Hakuinua kichwa, hakunisihi kwa jicho. Alikuwa amefika nati ya tatu, anaivuta, midomo inacheza, kisha ya nne. Ya tano alikwama, akachungulia kikaratasi, akalitamka lile jina la kigeni vibaya kabisa, kwa heshima, akakaza mpaka spana ikalia.

“Hapana, bosi,” nikasema. “Hakuwa amemaliza. Hakupiga bonneti. Niliondoka mwenyewe kwa hasira, na simu zake sikupokea.”

 Bhavin akasema niwamalizie wageni siku yao, na jioni nikirudi ufunguo nimpe Solomoni. Philemoni alisimama, magoti yakalia, akalipiga bonneti makofi mawili. Sikuwaambia wageni wafumbe macho. Niliendesha taratibu mpaka ziwani, na kila kona nilimtaja mmoja wao, mimi na usukani tu, macho yangu barabarani. Nililia kidogo. Miwani ya jua ilinisaidia.

Sasa ni mwezi wa nane, niko yadi. Bado simwamini Solomoni, nisiwadanganye. Namba saba analirudisha na maganda ya ndizi chini ya kiti, na vitumbua nilikuja kujua anavinunua ili mzee alikague gari lake kabla ya mengine, hila gani hiyo. Rejeta ilikuwa mpira wa kuzeeka. Betri ilikuwa betri. Magoti ya Philemoni yanamsumbua kwa baridi hii ya mlimani, kwa hiyo siku hizi yeye anakagua breki na matairi nayarudisha mimi, kila nati na jina lake. Matairi matatu ya kwanza yalinichukua wiki kuyazoea.

Jana Solomoni alikuwa anaondoka. Nilifika tairi la mbele kushoto, nati ya kwanza, ya dereva. Nikakaa nayo. Mzee Philemoni alikuwa pembeni na kikombe chake cha chai, anatazama kwingine, hana haraka. Nilimtafutia Solomoni neno zuri nikalikosa. Mwishowe nikaikaribia nati, nikasema jina lake tu, Solomoni, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ikashika.

Nikainua kichwa nikamkuta mwenyewe amesimama juu yangu, miwani ameivua. Alitazama nati, akanitazama mdomo.

“Dada Ndeshi,” akasema, “mbona unanitaja jina kwenye tairi langu?”

Mzee alicheka ndani ya kikombe. Mimi nilichukua nati ya pili.

“Subiri,” nikamwambia. “Sijamaliza.”