Mashimo Manne ya Mwisho

Mashine ile niliitoa Dilolo mpakani, imefungwa ndani ya shuka katikati ya samaki wa chumvi. Mtu wa upande wa Angola alinipa, nami nikamwachia saa yangu ya mkono na viatu vyangu vya mvua. Kwake ilikuwa inalala chini ya kitanda. Mimi nilijua nani anaihitaji.

Beya ni mtoto wa dada yangu. Tangu aote ndevu, harusi za watu wetu wa Kasai hapa Kolwezi zilichezwa kwa mikono yake. Kisha miaka miwili iliyopita shimo la kuchimba madini lilimporomokea kule Mutoshi. Walimtoa mzima, ila mkono wa kuume haukunji ngumi tena. Ngoma yake ya ditumba aliitundika ukutani, uso umeangalia matofali.

Sasa Jumamosi ile Tania, mdogo wake, alikuwa anaolewa. Mama Mushiya, mkuu wa kwaya, alikuwa amesema waziwazi: Beya asipopata ngoma ambayo mashangazi wataweza kuicheza, yeye ataleta kijana wa kupiga muziki wa simu. Alitoa hadi Alhamisi mchana. Msichana wa nyumba ya wapiga ngoma aolewe kwa simu. Siku hiyo Beya hakula.

Nilifika Jumatatu. Nikafungua shuka mezani.

"Mujomba," Beya akasema, "umenileteya samaki ao redio?"

"Gusa."

Ilikuwa kubwa kama Biblia ya mimbarini. Mbele vitufe kumi na sita vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja na kataa kake kekundu, taa ndogo tu. Juu yake vifundo vya kuzungusha, kama vya redio ya zamani. Umeme ulikuwa umekatika, basi tukaiunga kwenye betri ya sola, na sauti tukaitoa kwa bafle, ile spika kubwa ya kwaya.

Beya akabonyeza kwa kidole cha kushoto. Ngoma nzito ikatoka, bilauri zikatetemeka kabatini, kuku akatoka nje bila kufukuzwa. Kitufe cha pili kilikuwa na sauti kavu, kama kupiga mkeka kwa fimbo. Cha tatu kilitoa makofi.

"Hawa banapiga makofi njo ba nani?"

"Usiwaulize, watataka kula."

Alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ajali. Tukaanza vifundo. Kimoja kilishusha sauti kutoka ya mtoto hadi ya mzee. Kingine kilirefusha mkia wake, au kuukata kabisa. Cha pembeni kiliichafua sauti, ikawa na mkwaruzo, na hapo Beya akainamisha sikio. Ditumba ina kitundu ubavuni kilichozibwa kwa utando wa buibui. Huo utando ndio unaoifanya ivume, na bila huo mvumo shangazi zetu hawainuki kitini. Akarudisha kifundo nyuma kidogo, akakata mkia, akashusha sauti nusu. Akapiga tena.

"Njo yeye," akasema polepole. Ndiyo yenyewe, mvumo ulikuwa umepatikana.

Basi tukadhani kazi imekwisha. Bado.

Mashine ile inapigwa hivi: sauti ukishaichagua, unawasha kataa, na mwanga unaokimbia mstari mzima na kurudi mwanzo ukipita juu yake, ngoma inalia. Beya akawasha taa zote kumi na sita. Ikawa mvua ya mawe juu ya mabati.

"Za nini zote?"

"Mujomba, mwenye kuchimba akipewa shimo analichimba. Ukiacha moya bure, kesho mwenzako ameingia."

"Hapa hakuna wa kukuibia. Punguza."

Akapunguza. Ikawa nzuri, lakini ilichechemea. Kiuno kikitaka kurudi, mashine inakikawiza. Mguu unabaki hewani kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Tukapanga na kupangua Jumanne yote. Jumatano asubuhi Beya akaisukuma hadi ukingoni mwa meza.

"Rudisha samaki yako. Haiko ya batu kama sisi."

Mimi shule nilisoma kipande Lubudi, kipande Kamina, na kipande kingine nilikikimbia. Lakini kuhesabu najua. Uani mashangazi watatu walikuwa wanatwanga mahindi ya harusi katika kinu kimoja, mchi baada ya mchi, huku wakiimba wimbo wenyewe wa bibi harusi. Nikaenda kukaa karibu nao. Kila mchi ukishuka, niliweka punje moja chini. Wimbo uliporudi mwanzo, nikaacha.

"Tata Stanislas amerudia utoto," mmoja wao akasema, akinionyesha kwa mchi. "Mumupe na kadoli."

"Imba tena, mama."

Mara tatu nilihesabu, na kila mara zilikuwa kumi na mbili. Watu watatu, kila mmoja mara nne. Nikaingia ndani na punje mkononi, nikazipanga mbele ya mashine, moja chini ya kila kitufe. Zilifika kwenye cha kumi na mbili.

Beya aliziangalia sana. "Na hizi ine za mwisho?"

"Zifunge."

"Zibaki bure?"

"Zibaki."

Hakubonyeza. Aliutazama mkono wake wa kuume. "Siku ile Mutoshi," akasema, "kiongozi alisema tufunge lile shimo. Mi nikasema bado kidogo, bado kiko kitu chini."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Niliisogeza punje ya mwisho vizuri chini ya kitufe chake, nikangoja.

Akashikilia kitufe cha pembeni ambacho hatukuwa tumekigusa, kwa kidole kingine akabonyeza cha kumi na mbili. Taa nne za mwisho zikazimika. Mwanga ukakimbia, ukafika pale, ukarudi nyumbani. Uani michi ikanyamaza. Kisha nikasikia shangazi mmoja akiguna, na vigelegele.

Alhamisi Mama Mushiya akaja na mkoba wake wa kanisani.

"Tata Stanislas. Bado hawajakuzika huko njiani?"

"Kila mji unasema niende kwingine."

Hakukaa. "Pigeni."

Beya akawasha. Mama akasikiliza kichwa chini, kisha akavua viatu. Akacheza taratibu, na katikati, makusudi, akaharakisha. Mashine haijui kumfuata mtu. Lakini Beya alikuwa haangalii mashine hata kidogo. Alikuwa anaangalia miguu ya Mama, na mkono wa kushoto juu ya kifundo cha mwendo. Mama akikimbia, naye anakizungusha. Mama akizembea, naye anarudisha. Alipokanyaga kwa nguvu na kusimama, Beya alizima papo hapo, na nyumba ikatulia.

Mama akavaa viatu, anahema.

"Kitu yako haina macho," akasema. "Lakini weye unayo. Jumamosi, saa tatu. Na mutoe hii harufu ya samaki mbele bageni habajafika."

Alipoondoka, Beya aliitoa ngoma yake ukutani, akaifuta vumbi, akaiweka kando ya bafle, uso juu.

"Mujomba, hii utapiga weye Jumamosi. Kidogo tu. Usipande train mpaka harusi ipite."

Nilikuwa nimeshafunga shuka yangu mlangoni, tayari kwa safari. Nikarudi kuifungua.