Hanifai, Hainifai

Fausta aliitazama ile picha kwenye simu mara tatu. Mara ya nne akailaza simu kifudifudi mezani, kama mtu anayefunika chungu kilichoungua. Pete ilikuwa na jiwe jekundu, kubwa kama punje ya hindi, limezungukwa na vijiwe vidogo vidogo, na pembeni ilikuwa na mabawa mawili. Mabawa ya nini, hakujua. Chini ya picha mchumba wake Gidabuday alikuwa ameandika: "Hii itaonekana toka mbali."

Ndivyo alivyo Gidabuday. Ni mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa Balangdalalu, na jicho lake limezoea mnada. Dume zuri kwake ni lile ambalo mtu akiwa upande wa pili wa uwanja analiona na kuuliza ni la nani. Basi alikwenda Babati, akaingia dukani, akachagua pete kwa jicho lilelile.

Fausta naye ni muuguzi katika hospitali ya Haydom. Kutwa ananawa, anavaa glavu, anafunga vidonda, anavua, ananawa tena. Kwao ni kijiji cha Daudi, huko juu kwenye baridi, nyumba ya Mzee Patriki, watu wa shamba na kanisa, na tangu utoto hapendi vitu vya kelele. Hata kitenge chake cha sikukuu kina rangi ya udongo. Alitaka pete nyembamba, laini, isiyo na kitu juu. Shida ni kwamba hakuwahi kumwambia Gidabuday, kwa sababu hakuulizwa, na zilikuwa zimebaki siku sita. Jumamosi wazee wa Balangdalalu wangepanda Daudi kumvisha pete mbele ya koo zote mbili. Na pete ikishaletwa mbele ya wazee, msichana akisema siitaki, hakuna wa kuuliza kama anasema pete ama anasema mtu. Amekataa, basi, watu wanachukua fimbo zao wanarudi.

Kwa hiyo ilikuwa lazima aseme mapema, na aseme vizuri. Kumwambia mwenyewe aliona haya. Akaona afadhali apitie kwa Loveness, dada yake Gidabuday, ambaye yuko nyumbani na ndiye anayewasomea wenzake ujumbe wa simu. Akaandika harakaharaka, amesimama mlangoni mwa wodi, mkono mmoja umeshika trei:

"Wifi, nimeangalia vizuri, hanifai. Mwambie kaka yako taratibu asiumie."

Akatuma, akaingia kazini na moyo mwepesi.

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Siku ya tatu baba yake akapiga simu kutoka Daudi. Mzee Patriki ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alizunguka kwanza: mvua, maharage, mguu wa mama yake. Ndipo akasema watu wa Balangdalalu wameleta habari kwamba Jumamosi hawaji, na kwamba hawana kinyongo, msichana ana haki yake. Akauliza yule mbuzi aliyemfunga kwa ajili ya wageni amfungue ama amwache.

Fausta akasema amwache. Akafungua simu, akausoma ujumbe wake herufi kwa herufi, akasikia masikio yanawaka. Alitaka kuandika hainifai, yaani pete. Aliandika hanifai, yaani mtu. I moja tu imeanguka, na mume ameondoka nayo.

Gidabuday hakupatikana kwenye simu. Loveness alipokea, akasema kwa upole wa kutisha, "Wifi... samahani, dada Fausta, mimi sina neno," akakata.

Alhamisi asubuhi Fausta akaomba ruhusa kazini, akapanda basi la Katesh, akashuka Balangdalalu.

Mama yake Gidabuday alimpokea kwa maziwa na kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyomtia hofu. Mtu mwenye hasira ungemsikia. Huyu alimwekea kigoda kama mgeni anayepita njia, kisha akakaa, mikono mapajani, vikuku vya shaba vimepanda toka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Fausta akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaanza kueleza. Akatoa simu, akamwonyesha mama mahali i ilipotakiwa kukaa. Mama hajui kusoma. Akakiangalia kioo cha simu kwa adabu. Loveness akatafsiri kwa Kidatoga, maneno marefu, akarudi na jibu fupi.

"Mama anasema Kiswahili chake hakina hiyo i."

Na mama akathibitisha mwenyewe. "Jembe hafai. Nyumba hafai. Mume hafai. Yote hafai. Sasa wewe, hafai gani?"

Loveness akageukia ukuta asionekane anacheka. Fausta akairudisha simu mkobani. Ushahidi wake wote ulikuwa herufi moja, na katika nyumba hii herufi hiyo haikuwa na kazi.

"Pete, mama," akasema. "Pete ndiyo haifai."

"Pete gani?"

Kumbe hapakuwa na mtu aliyeijua. Gidabuday alikuwa ameificha ili awashangaze wote Jumamosi. Mama akaita jina la mwanawe mara moja tu, na Gidabuday akatokea nyuma ya zizi, alikokuwa muda wote anajifanya kupanga miiba ya uzio. Hakumwangalia Fausta. Akatoa leso kwenye mfuko wa shati, akaifungua, pete ikawaka juani.

Fausta akaichukua, akaivaa. Akatoa glavu moja kwenye mkoba, akaivuta mkononi. Ilipofika kwenye jiwe ikakwama. Akavuta tena, ikapasuka, na bawa moja likachungulia nje.

"Ni hivi kutwa nzima," akasema, "na damu ya watu juu yake. Mimi nakutaka wewe. Hii siitaki."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

"Nilitaka uonekane."

"Nani ananitafuta? Mimi nipo."

Mama alisubiri atafsiriwe mpaka mwisho, halafu akacheka mpaka vikuku vikagongana. Akanyoosha mkono, akaeleza kwamba hivi amevaa toka alipoolewa, amekamua navyo, amesaga navyo, amelea watoto sita, na havijanasa hata uzi. Aliyevitengeneza, kabla ya kugusa shaba, aliushika kwanza mkono wake na kumuuliza unafanya kazi gani.

Mchana uleule wakaenda kwa fundi wa shaba, mzee mfupi anayekaa si mbali. Aliuliza Fausta anaishi wapi, na aliposikia Daudi na Haydom akagoma kupima. Kidole kilichotembea juani kimevimba, akasema. Ukikipima sasa, huko kwenye baridi yenu pete itaangukia kwenye unga. Wakakaa kivulini mpaka miili ikapoa, ndipo akazungusha uzi. Fausta akachagua: nyembamba kama jani la nyasi, laini ndani na nje, na mstari mmoja tu umekwaruzwa kuizunguka. Gidabuday akaomba yake ya harusi iwe pana na isuguliwe mpaka ing'ae. Alisema hivyo akimtazama Fausta kwa wasiwasi. Fausta akamjibu, "Kidole ni chako."

Waliporudi nyumbani, Gidabuday akasema ile ya jiwe atairudisha Babati. Mama akauliza kwa nini. Alikuwa ameshaivaa kwenye kidole kidogo, anageuza mkono juani huku na huku, na aliona yale mabawa yamekaa vizuri sana.

Jumamosi wazee wakapanda Daudi. Mzee Bura, msemaji wa Balangdalalu, akasema kabla ya pete msichana aseme kwa kinywa chake, simu zikae mifukoni. Watu wakacheka, wa Daudi na wa Balangdalalu, na Mzee Patriki naye akacheka kidogo. Fausta akasimama, akasema polepole, asiiache hata herufi moja nyuma.

"Pete inanifaa. Na Gidabuday ananifaa."

Akavishwa. Ikapita kwenye kifundo cha kidole bila kulazimishwa, ikatulia, naye akaizungusha kwa kidole gumba kujua kama ipo.

Shangazi yake Efrazia aliinama kuitazama, akakunja uso. Kisha akaenda kumsalimia mama yake Gidabuday, akashika mkono wake wenye ile pete ya mabawa, na salamu ikachukua muda mrefu kuliko kawaida. Alipouachia, akamvuta Gidabuday pembeni, akamuuliza hilo duka la Babati liko upande gani wa stendi.