Nani Anasoma Kurasa Zangu

Mchumi aliporudi mjini kwao, baada ya miaka ishirini na mbili ya kuandika ripoti serikalini, aliwaambia watu kwamba sasa anaandika kitabu. Hakuna aliyemwamini. Mtu mzima mwenye shahada mbili aache kiti cha ofisini, aje kuuliza watu king'ora cha kiwanda cha nyuzi kilikuwa kikilia saa ngapi?

"Huyo katumwa," alisema fundi cherehani wa njia panda. "Leo anauliza king'ora, kesho utasikia nyumba zinapigwa alama ya kubomolewa."

Tangu hapo, akipita mahali mazungumzo yalikatika.

Alikaa kwa dada yake mkubwa, chumba cha uani, dirisha likitazama ukuta wa kiwanda kile kilichofungwa. Dada alifanya kazi humo miaka kumi na minne akiunga nyuzi zilizokatika, mpaka vidole viwili vikafa ganzi. Sasa alikuwa anapiga pasi nguo za watu. Hakuwahi kumuuliza mdogo wake anaandika nini.

Jumatatu moja Mchumi alikuta karatasi aliyoikunjakunja na kuitupa kapuni iko juu ya meza, imenyooka kama imetoka dukani. Kesho yake kurasa za sura ya sita zilikuwa zimepangwa vizuri kuliko alivyoziacha.

Sura ya sita ilihusu kufungwa kwa kiwanda, na ripoti iliyopendekeza kifungwe aliiandika yeye. Alikuwa bado kijana kazini. Alitazama majedwali, akaona hasara, akaandika aya ya mwisho na kutia sahihi. Watu mia sita wakarudishwa nyumbani. Aliamini hakuna mtu mjini aliyejua, na kitabuni kazi hiyo alikuwa amempa mgeni mmoja mwenye miwani, aliyetoka mbali na kuongea kwa madaha.

Nani mwenye pasi na tabia ya kuchungulia? Fundi cherehani, aliyekuja uani mara mbili wiki ile, eti kuleta suruali iliyopunguzwa. Mchumi akamfuata kibandani kwake mbele za wateja.

"Unatafuta nini chumbani kwangu?"

Fundi alitoa pini mdomoni. "Mimi? Mwandiko wako wenyewe kama wa daktari, nisome nini? Halafu ndugu yangu, mtu anayeogopa kusomwa anaandika kitabu cha nini?"

Wateja wakacheka. Mchumi akarudi na aibu, na kufuli jipya. Siku tatu baadaye, kurasa zilikuwa zimesogezwa tena.

Alhamisi aliaga kwamba anakwenda posta. Akafika kona tu, akageuka, akaingia kwa mlango wa nyuma. Chumba kilikuwa wazi. Dada yake alikuwa amekaa kitandani na sura ya sita magotini, kidole kikifuata mistari.

"Dada! Ni wewe?"

"Kufuli umenunua kwa jirani yangu, ukadhani hataniuzia ufunguo wa pili? Kaa." Akainua ukurasa. "Huyu mwenye miwani ni nani?"

"Ni wa kubuni tu."

"Ile ripoti ililetwa kiwandani. Mkuu wa zamu aliibandika ubaoni. Asubuhi ile nilifika wa kwanza. Jina lako lilikuwa ukurasa wa mwisho. Niliuchana, nikautia kwenye pipa la rangi."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Mama alikuwa hai, ningemwambia nini? Nilikungoja useme mwenyewe. Uliposema unaandika kitabu, nikasema, haya, atasema humo. Kila siku naingia kuangalia kama umefika. Umefika, umemsingizia mtu ambaye hata hakuzaliwa."

Alitoka akamwacha na karatasi zake.

Mchumi alichana sura nzima, akaiandika upya kwa "mimi". Ilimchukua miezi miwili. Ilipokwisha, akaomba darasa la shule ya msingi Jumamosi, akawasomea waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda. Walikuja kama thelathini. Kumi walitoka kabla hajamaliza, mmoja akitema mate mlangoni. Fundi cherehani, ambaye zamani alikuwa fundi wa mitambo mle kiwandani, alibaki hadi mwisho.

"Nilijua umetumwa," alisema. "Sikujua ulishatumwa zamani." Kisha, bila kumtazama: "Na mashine za kusokota hazikuwa arobaini. Arobaini na mbili. Rekebisha."

Mchumi akarekebisha. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Wapo ambao mpaka leo hawaitikii salamu yake, naye haachi kuwasalimia. Dada alikuwa amemkataza asimweke humo, naye akamweka, pamoja na ule ukurasa alioutia kwenye pipa la rangi. Dada alinuna siku mbili. Siku ya tatu akachukua nakala tano, akawapelekea wanawake aliokuwa nao zamu moja, nyumba kwa nyumba, kwa miguu.