Mashimba Apakwa Unga

Hakuna mtu kijijini Mofu aliyetaka kuwa Mzungu. Mwalimu Beatus alikuwa ametunga mchezo wa kuigiza, wa Mzungu wa kwanza kufika bondeni, kwa ajili ya sikukuu ya mavuno kigangoni, na watu waligombea kuwa mtemi, kuwa wapagazi, hata kuwa tembo. Lakini kupakwa unga usoni na kuonekana mlafi mbele ya wakwe zako, nani akubali? Ndipo mwenyekiti wa kijiji, Mzee Fridolin, akasema huku akichokonoa meno, "Si yupo yule wa ng'ombe? Naye katoka mbali."

Watu wakacheka. Mashimba naye akacheka, ingawa maneno yalimchoma. Angefanyaje? Alikuwa ameingia bondeni na mifugo yake kutoka Usukumani, akajishikiza pembeni mwa kijiji, na Jumatatu baada ya sikukuu wazee wangekaa kuamua kama apewe kiwanja au aambiwe ahame. Mkewe, Mbuke, alikwisha kumwambia bila kumung'unya maneno kwamba amechoka kubomoa nyumba. Safari ijayo Mashimba ahame na ng'ombe wake tu. Mtu aliyebanwa hivyo akiombwa kuwa Mzungu, anakuwa Mzungu.

"Sasa, Mwalimu," aliuliza kwenye mazoezi, "huyu bwana alifuata nini hasa? Nikijua nitamwigiza vizuri."

"Darasani tunafundisha kwamba Ulaya ilitaka malighafi na masoko," Beatus akajibu. "Ni kweli. Lakini Ulaya haina miguu. Aliyetembea mpaka kwenye mto huu ni mtu, ana njaa yake mwenyewe. Huyu wetu nimemtunga hivi: nyumba ya baba karithi kaka yake, na baba wa mchumba kamwita mtu bure. Basi anataka pembe za ndovu, anataka nishani kifuani, na zaidi ya yote anataka watu wa kumwita bwana mkubwa."

Malisho ya baba yake Mashimba pia yaliishia kwa kaka zake. Hilo hakulisema kwa mtu.

Siku yenyewe ikafika, na jamani, Mofu ilipendeza. Mpunga ulikuwa umeshaingia ndani, kambale wanakaangwa kila kona, kwaya imeshonesha sare mpya. Mashimba akatokea mtoni kwa mtumbwi, uso mweupe pe, kichwani nusu ya kibuyu kama kofia, akasimama wima akayumba mpaka wapagazi wakamdaka.

"Kaka yangu kapata nyumba," akatangaza. "Mimi nitapata bonde."

Akaanza kuzoa. Pembe za ndovu, yaani vigogo viwili vya mgomba, akazipakia mtumbwini. Akaona hazitoshi. Akachukua mchi, akarudia kinu, kisha akambeba kuku wa Mama Theodosia muuza samaki, kuku ambaye hakuwemo kwenye mchezo kabisa. Watu wakavunjika mbavu. Kuona hivyo Mashimba akanogewa, akaenda mstari wa mbele, akamwinua Mzee Fridolin kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee. Asante kwa kiti."

Kiti nacho kikaenda mtumbwini. Theodosia alicheka hadi akasahau kuku wake. Hata Fridolin, aliyebaki amesimama kama mtu aliyeachwa na basi, alijikuta anacheka. Mashimba hakuwahi kufurahi hivyo tangu aje bondeni.

Kisha sauti ya mwanamume nyuma ya umati ikasema, "Huyo haigizi. Ndivyo alivyo."

Kicheko kikapungua. Mashimba akamtafuta Mbuke kwa macho, akamwona ameinamisha kichwa. Ameigiza vizuri mno, sasa amejimaliza mwenyewe, na Jumatatu haijafika.

Ilikuwa zamu ya mtemi, na mtemi alikuwa Bibi Klementina, ambaye hata paroko humwamkia kwanza. Sehemu yake ilikuwa maneno mawili tu: karibu, mgeni. Hakuyasema. Alimtazama Mashimba, akauliza, "Umefuata nini?"

"Bibi, sema karibu," Beatus akanong'ona.

"Nimemuuliza huyu. Mashimba, wewe umefuata nini?"

Hapo hapakuwa na maneno ya kukariri. Mashimba akavua kibuyu kichwani.

"Nimefuata nyasi na maji, bibi. Kwetu zilipungua, zilizobaki wakagawana kaka zangu. Nina tamaa, sikatai. Nataka nyumba nisiyoibomoa tena. Nataka mke wangu akienda kisimani aitwe kwa jina lake, siyo mke wa yule wa ng'ombe. Mifugo itapita njia mtakayonionyesha, mpunga wenu haitaukanyaga. Mkikataa, nitaondoka."

Bibi Klementina akaitikia kwa kichwa polepole.

"Yule wa zamani tulimkaribisha kwanza," akasema. "Tulipokuja kumuuliza amefuata nini, kiti kilikuwa kimeshapakiwa. Wewe tumekuuliza mapema, na umejibu. Mwenyekiti, una neno?"

"Ninalo," Fridolin akasema. "Kiti changu."

Mashimba akaingia majini mbiombio, akakitoa kiti, akakifuta kwa shati lake. Fridolin akakaa, akajiweka sawa taratibu, maana alijua wote wanamsubiri.

"Jumatatu tutakwenda kuangalia pa kupitisha njia ya ng'ombe," akasema. "Kiwanja tutampa. Mtu mwenye vituko hivi tukimwachia, watamchukua jirani zetu wa Idete."

Umati ukalipuka kwa vigelegele, kwaya ikadaka wimbo kabla hata hawajapewa sauti. Mashimba alilia, machozi yakachanganyika na unga yakawa uji mashavuni, watoto wakamcheka na yeye akawacheka. Katikati ya kelele zile akasikia Theodosia akipaza sauti kuelekea nyuma ya umati.

"Mbuke, we Mbuke! Njoo unisaidie kumkamata kuku, mumeo kamtia wazimu."

Mbuke akainua kichwa, akakaza khanga kiunoni, akaja mbio.