Meno ya Mama

Jumanne saa nne asubuhi, fundi wa meno ya bandia alivunja plasta, akatoa meno ya mama yake na kuyaosha bombani. Yalikuwa ya mbuzi.

Juu, mbele, hapakuwa na jino hata moja, ufizi mtupu. Chini yalijipanga manane membamba ya kukatia majani, na nyuma magego mapana ya kusagia. Fundi alikuwa amepanga meno ya mtu, kwa mkono wake mwenyewe.

Katika karakana ile halikuwa jambo geni. Meno yakishachemshwa yakaiva chunguni hufuata chakula anachokula mwenye nayo. Mwalimu mstaafu, mla karanga, alipata ya panya, akashukuru. Hakimu alipata chonge za chui, akaomba kifuko cha kuzibebea.

Ila mama aliishi kwa kaka mkubwa wa fundi, na kaka mkubwa alikuwa na bucha.

Fundi akayatupa, akapanga mengine. Mbuzi. Mara ya tatu alikaa kando ya chungu bila kubanduka. Mbuzi yuleyule.

Alhamisi kaka alimleta mama. Vidole vya mama vilikuwa vya kijani hadi kwenye kucha.

"Kaka, mama anakula nini kwako?"

"Tunachokula sote. Nyama hataki mwenyewe. Si ndiyo, mama?"

"Ndiyo, baba," mama akasema, akitazama sakafu. "Nyama zinanishinda siku hizi."

"Umesikia? Usinitafutie maneno, mdogo wangu."

Kaka alipotoka kupokea simu, fundi akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mama, hamia kwangu."

"Kwako wapi? Unalala humu humu na plasta zako. Mimi nilale wapi, chunguni?" Mama akacheka bila sauti. "Kule nina chumba, mwanangu. Na uani majani yamestawi."

Fundi akamvika meno. Kisha akafungua kikopo, akamwekea ulimini kipande cha nyama laini, alichokipika tangu alfajiri. Mama alikihamisha shavu hili na lile kwa robo saa nzima. Mwishowe akakitema kwenye pindo la mtandio, taratibu, asimvunje moyo.

"Lakini yamekaa, baba. Hayachezi hata kidogo."

Fundi akawasindikiza hadi getini. Mama akasimama kwenye ua wa michongoma, akavuta tawi, akalikata kwa mkupuo mmoja, safi, akaanza kusaga huku taya likienda upande. Kaka akashika mlango wa gari, akatazama saa, akamsubiri amalize.

"Mwone anavyofurahia," akasema. "Mkono wako haukosei, fundi."

Gari likaondoka. Fundi akarudi mezani na kujaza kadi ya mgonjwa. Mahali pa malalamiko akaandika: hakuna.