Watu Arobaini wa Gazetini

Zilpah alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi, miguu imezama kwenye beseni la maji ya chumvi, Bwana Pettiford alipopanda ngazi na gazeti mkononi, povu la sabuni bado limemganda kiwikoni. Bwana Pettiford alikuwa kinyozi, mtu mweusi aliyezaliwa huru, na duka lake lilikuwa chini yao kabisa, katika mji mdogo wa Ohio, mwendo wa asubuhi moja kutoka mto unaoitenga Ohio na Kentucky. Darini alikuwa akihifadhi mahindi na vitunguu, na wiki ile alihifadhi pia watu kumi na mmoja waliomkimbia Bwana Bascomb wa Kentucky.

"Haya wakubwa zangu," alisema huku akihema. "Mmetoka gazetini."

Wote wakasogea. Shadrack, mume wa Zilpah, mhunzi mwenye mabega kama mlango, aliacha kukata vitunguu. Mzee Ishmael aliburuta goti lake bovu. Obed na Philura, waliokuwa wachumba na kila siku walikuwa na sababu ya kukaa pembe moja, wakatoka pembeni mwao.

Bwana Pettiford akakohoa, akasoma kama mhubiri. "Mkurupuko Mkubwa wa Watumwa!"

"Mkurupuko?" Shadrack akauliza. "Si neno la ng'ombe hilo, wakivunja zizi?"

"La ng'ombe hilo hilo."

"Mimi na goti hili nimekurupuka?" Mzee Ishmael akasema. "Nawashukuru kwa kunisifia."

Gazeti lilisema kwamba watumwa ishirini na wanane wa Bwana Bascomb na majirani zake walitoroka Jumapili wakiwa na bastola na visu vya buchani, wamepanda farasi bora wa bwana wao. Lilisema pia kwamba watu hao, waliokuwa wameridhika na kutunzwa vizuri, wasingeweza kamwe kubuni jambo kama hilo wenyewe. Walishawishiwa na mzungu mmoja mgeni, mrefu, mwenye ndevu nyekundu, aliyeonekana akizungukazunguka karibu na mashamba.

Kicheko kilichopasuka pale darini kilimfanya Bwana Pettiford apige mguu chini. "Taratibu jamani! Nina mteja kwenye kiti, nimemwacha nusu ya kidevu!"

Zilpah peke yake hakucheka. Na Zilpah alikuwa mtu wa kucheka.

"Ndevu nyekundu," alisema. "Nani huyo mwenye ndevu nyekundu?"

Kwa maana aliyepanga safari ile alikuwa yeye. Majira ya kuchipua, alipokuwa akiwapakulia supu wageni wa Bwana Bascomb, alimsikia bwana akisema kwamba mavuno yakiisha atawauza wachache kwa mfanyabiashara wa New Orleans. Tangu siku hiyo hakulala akiwa na utulivu. Ni yeye aliyechagua Jumapili ya mkutano wa dini, siku ambayo watu weusi waliovaa vizuri na kubeba vikapu hawaulizwi wanakwenda wapi. Ni yeye aliyesema waache farasi, kwa sababu farasi hutafutwa kuliko binadamu. Wakatoka asubuhi kweupe, wanaimba, na Zilpah kabeba paja zima la nguruwe la moshi alilolikausha mwenyewe. Ukungu ulipofunika mto, wakaingia kwenye mitumbwi miwili na kuvuka. Silaha pekee ilikuwa kisu cha kukatia ile nyama.

"Miezi yote ile nimeumiza kichwa," akasema, "halafu sifa anapewa mwanamume ambaye hata hajazaliwa!"

"Pole, mke wangu," Shadrack akamwambia. "Mimi pia ndevu zangu si nyekundu, wala sijalalamika."

"Kuna tangazo chini," Bwana Pettiford akasema, na sauti yake ikashuka. "Hili ni kweli zaidi." Akasoma. "Zilpah, mpishi hodari, mnene kiasi, kovu la moto mkono wa kushoto, pengo la jino la mbele. Msemaji sana. Hucheka kwa sauti kubwa bila sababu."

"Bila sababu!" Zilpah akaruka, maji ya beseni yakamwagika. "Miaka yote nimeishi na yule bwana na mkewe, anasema nacheka bila sababu?"

Safari hii hata yeye alicheka, kwa sauti kubwa, mpaka Philura akamziba mdomo kwa aproni.

Lakini tangazo lilikuwa na zawadi nono, na zawadi ilikuwa imeleta wawindaji. Bwana Pettiford aliwaeleza jinsi mambo yalivyokuwa. Njia ya kaskazini ilipita kwenye daraja moja, na darajani palikuwa na askari wa serikali pamoja na watu wawili wa Kentucky. Sheria ya nchi ilikuwa upande wao, hata huku Ohio ambako hakukuwa na utumwa. Ng'ambo ya daraja, kwenye makazi ya wakulima weusi, magari ya farasi yalikuwa yakiwasubiri kuwapeleka ziwani, na ziwani kulikuwa na meli ya kwenda Kanada. Tatizo lilikuwa daraja tu.

Zilpah aliirudisha miguu kwenye maji na kunyamaza kwa muda mrefu, jambo ambalo tangazo halikulitaja.

"Wanawatafuta watu ishirini na wanane," alisema mwishowe. "Wana bastola. Wamepanda farasi. Wana mzungu."

"Ndiyo."

"Basi hawatutafuti sisi. Wanawatafuta wale wa gazetini. Bwana Pettiford, yule mchapishaji wa gazeti la hapa mjini, unamnyoa wewe?"

"Kila siku mbili."

"Anapenda habari?"

"Kuliko mkewe."

"Basi mpe. Mwambie umesikia wameongezeka njiani, sasa ni arobaini, wanakwenda magharibi, Indiana. Usimwambie kama unamwambia. Mwambie kama umeteleza ulimi."

Bwana Pettiford akamtazama, kisha akaanza kutabasamu polepole. "Na nyinyi je?"

Zilpah akageuka kumwangalia Philura, ambaye mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Obed, wote wawili wakidhani hakuna aliyeona.

"Sisi tuna harusi," akasema.

Philura alikuwa hana mama. Mama yake aliuzwa kusini Philura angali mtoto wa kutambaa, na Zilpah ndiye aliyemlea jikoni, kati ya jiko na pipa la unga. Alimwita shangazi. Kwa Bwana Bascomb ndoa ya mtumwa ilikuwa kuruka ufagio uliolazwa chini tu, bila mchungaji, na mwenye mali angeweza kuivunja siku yoyote kwa kumuuza mmoja. Sasa Philura aliposikia neno harusi, macho yake yakajaa.

"Ya kweli, shangazi? Au ya kudanganyia askari?"

"Ya kweli, mwanangu. Mchungaji wa kweli, keki ya kweli. Kama tutadanganya, tudanganye kwa jambo la kweli."

Siku mbili baadaye gazeti la mji lilitangaza kwamba genge la watumwa arobaini, chini ya jemadari mwenye ndevu nyekundu, lilikuwa likielekea Indiana kwa mwendo wa kasi. Bwana Pettiford alilileta darini akiwa na haya kidogo. "Ujemadari ameongeza mwenyewe," alijitetea.

Asubuhi iliyofuata, katika kanisa dogo la watu weusi nyuma ya duka la ngozi, mchungaji alimfungisha Philura ndoa na Obed. Obed aliitikia "ndiyo" kabla hajaulizwa, akaambiwa asubiri, akaitikia tena. Waumini wote wa kanisa walikuja na magari yao, watoto, mabinti na mabibi waliovaa kofia za maua, na wale kumi na mmoja wakachanganywa humo kama chumvi kwenye unga. Farasi walifungwa utepe mweupe. Mzee Ishmael aliazimwa zeze, na mikono yake, tofauti na goti, haikuwa na ugonjwa wowote. Zilpah alivalishwa glavu ndefu za mke wa kinyozi kuficha kovu.

"Pengo," Shadrack akamkumbusha walipopanda garini. "Usifungue mdomo. Na tafadhali, nakuomba mbele ya Mungu, usicheke."

"Mimi mtoto?"

Msafara ukateremka barabara kuu saa nne asubuhi, zeze linalia, watu wanaimba, wazungu wanachungulia madirishani na wengine wanapunga mikono. Darajani askari akainua mkono. Alikuwa mtu mzima mwenye uso mwekundu, na kidevu chake kilikuwa laini kwa kazi ya Bwana Pettiford mwenyewe. Wale wawili wa Kentucky walisimama nyuma yake na bunduki.

"Pettiford! Harusi ya nani?"

"Ya binti wa dada yangu, mkubwa. Tunampeleka kwa wakwe."

"Hongera. Hamjakutana na genge huko? Watu arobaini, wana silaha."

"Arobaini! Ningekutana nao, mkubwa, leo ungenyolewa na mtu mwingine."

Askari akacheka. Lakini mmoja wa wale wa Kentucky, mwembamba mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, akasogea mbele na kuanza kuzitazama nyuso ndani ya magari, moja baada ya nyingine. Akafika kwenye gari la bibi harusi. Zilpah alikaza macho kwenye masikio ya farasi.

"Si mchezo," yule mwembamba alisema kwa sauti nzito, kama anayetoa ushahidi mahakamani. "Mimi yule mwenye ndevu nyekundu nimemwona kwa macho yangu. Juzi. Tumetazamana hivi, kama mimi na wewe. Akanifyatulia risasi mbili, nikazikwepa."

"Ulizikwepa?" askari akauliza.

"Moja nilizikwepa. Yaani nilizikwepa zote. Ndevu zinafika hapa," na akagusa mkanda wa suruali yake.

Zilpah alihisi kicheko kikipanda kutoka tumboni kama maziwa yanayochemka. Akauma midomo. Akafikiria misiba yote anayoijua. Haikusaidia. Mabega yakaanza kutikisika, na kabla pengo halijaonekana alichomoa kitambaa, akafunika uso wote na kuinama mpaka magotini, sauti ikimtoka kama mtu anayenyongwa.

Yule mwembamba akageuka. "Huyu ana nini?"

"Mama wa bibi harusi," Shadrack akasema, mkavu kama ubao. "Analia tangu alfajiri. Tumechoka naye."

Askari aliingiwa na huruma, akasogea akamgusa bega. "Usilie, mama. Hujafiwa. Kwanza harusi yenyewe imependeza."

Hapo ikawa mbaya zaidi. Zilpah aliguna, akakoroma, akajizuia kwa mikono yote miwili. Ndipo Philura alipomkumbatia kwa nguvu, shela ikawafunika wote, akamnong'oneza sikioni, "Kaza moyo, mama. Kaza moyo, mama yangu."

Philura hakuwahi kumwita hivyo, hata siku moja. Kicheko kilimkatika Zilpah kifuani, na kilichofuata kilikuwa kilio cha kweli, cha machozi, cha kelele, ambacho mtu yeyote angekitambua kwa mbali. Yule mwembamba aliona haya akatazama mtoni. Askari akavua kofia.

"Piteni," akasema. "Piteni, mtaua mtu hapa."

Hawakuongea mpaka daraja lilipopotea nyuma ya miti. Halafu Mzee Ishmael akaliweka zeze magotini, akasema, "Moja nilizikwepa," na gari lote likalipuka. Walicheka mpaka farasi wakasimama wenyewe. Kwenye makazi ya wakulima walikula kuku wa kukaanga na keki, na kabla ya jua kuzama walikuwa tayari njiani kuelekea ziwani.

Kule Chatham, Kanada, Zilpah na Shadrack walipanga nyumba yenye jiko kubwa, na Zilpah akaanza kupika kwa ajili ya watu. Siku moja akaja Bwana Crandall, mhariri wa gazeti la watu weusi wa pale, kijana mwenye wino kwenye kucha. Alikuwa amepata gazeti la Kentucky lililosema kwamba wale watoro wanakufa kwa baridi na njaa na wanalia warudishwe kwa bwana wao. Zilpah alimsikiliza huku akimwekea sahani ya pili.

"Nieleze ukweli, Bi Tolliver," Crandall alimwambia. "Niuchapishe wote. Jina lako, mitumbwi, harusi, yule askari. Watu waache kusema sisi hatuwezi kupanga kitu mpaka tushikwe mkono."

Akamweleza, tangu supu hadi daraja. Crandall aliandika huku akijifuta machozi ya kicheko. Alipofunga daftari, Zilpah akaweka kiganja juu yake.

"Sasa usiichapishe."

"Kwa nini? Ni haki yako hii!"

"Dada yangu Hepsy bado yuko kule. Alibaki kwa ajili ya mumewe, aliye kwenye shamba jingine. Bado kuna Jumapili za mikutano ya dini, na ukungu, na duka la kinyozi. Ukiandika, watalinda mto na kuvunja duka. Waache waendelee kumtafuta mtu wao."

"Lakini huyo mtu wao anachukua sifa zako!"

"Achukue. Mimi nilitaka watu wangu, nimewapata." Akasita, akacheka na pengo lake lote. "Inaniuma, lakini. Usidhani hainiumi."

Crandall alikwenda zake kanuna. Wiki iliyofuata Obed, aliyekuwa amejifunza kusoma vizuri, aliingia mbio na gazeti. Hapakuwa na habari ya kutoroka. Palikuwa na mistari michache chini ya ukurasa wa mwisho: Bi Zilpah Tolliver anawakaribisha wote kwenye mkahawa wake, chakula cha moto kila siku, nguruwe wa moshi asiye na mfano mjini. Zilpah alimwambia Obed asome tena lile neno "Bi", ambalo tangazo la Bwana Bascomb halikumpa. Akalisoma. Akaambiwa arudie, mpaka mkate ukaungua.

Hepsy alifika majira ya kuchipua yaliyofuata, yeye na mumewe na watu wengine sita, wamevaa nguo za kanisani zenye matope hadi magotini. Zilpah alikuwa na mikono kwenye unga. Alimkumbatia hivyo hivyo, akamwachia alama nyeupe mgongo mzima. Kisha akawaketisha wote kwenye meza ndefu akawapakulia.

Hepsy alionja, akafikiri.

"Chumvi," akasema, "bado unaizidisha."

"Kula huko," Zilpah akamjibu, na kicheko chake kikasikika hadi barabarani.